Barua kwa Nalongo, mama wa pacha

Walukuba, Jinja
Jumapili jioni

Nalongo, dada yangu mpendwa,

Salamu nyingi katika jina la Bwana wetu Yesu Kristo. Sisi huku hatujambo. Watoto wanaendelea na shule, baba yao yuko kazini kama kawaida, na mvua imenyesha vizuri hata mahindi niliyopanda nyuma ya nyumba yameshika. Natumaini Salongo, baba wa pacha, ni mzima na mama mkwe wako anazidi kupata nafuu. Wasswa na Kato wabusu kwa niaba yangu, wote wawili kwa pamoja, mmoja asije akaona amepunjwa.

Barua yako nimeipata kwa mkono wa yule binti wa jirani yenu. Habari za kodi ya nyumba na za mdogo wako tutazungumza tukionana. Leo nataka kujibu jambo moja tu. Umeandika kwamba tangu pacha wazaliwe husomi Neno, huendi ushirika, ukipiga magoti usiku unasinzia hata kabla ya kusema Amina. Halafu ukaandika kwamba unaona kama Mungu amebaki kanisani na wewe umebaki nyumbani na beseni la nepi.

Hapo sikubaliani nawe, dada. Nakwambia waziwazi, kama tulivyokuwa tunaambiana tangu tukiwa wasichana kambini Tororo.

Najua maneno hayo yalikotoka. Uliniambia kuhusu mhubiri aliyesema kwenye kesha kwamba mama asiyekesha anafunga milango ya baraka za watoto wake. Mimi makesha nayapenda na nimeokolewa katika mojawapo. Lakini kumwambia hivyo mama anayenyonyesha watoto wawili usiku kucha, huku akimgeuza mgonjwa kitandani asipate vidonda, ni kumtwisha mzigo ambao Bwana hakumtwisha. Mhubiri yule kesha lake linaisha alfajiri, anakwenda kulala. Lako halina alfajiri. Mungu anayeona sirini analiona.

Sasa nikwambie nilichokiona mimi, na nianze na sigiri, jiko letu la makaa, kwa maana najua asubuhi yako inaanzia hapo kama yangu.

Unajua makaa yalivyo msimu huu wa mvua. Gunia linalowa upande wa chini, ukiwasha yanarusha cheche na kutoa moshi tu. Unatanguliza magunzi makavu ya mahindi, unapanga vipande vidogo juu, unainama na kupepea kwa mfuniko wa sufuria mpaka macho yanatoa machozi. Unangoja. Hakuna anayeyaharakisha makaa. Kabla ya watu kuamka na kuuliza chai iko wapi, kuna mtu aliyeamka mbele yao akachuchumaa nje gizani. (Na tafadhali, hata baridi ikizidi, sigiri usiiingize chumbani kwa watoto. Ule mvuke wa makaa hauna harufu, nao umeua familia nzima usingizini.)

Basi siku moja nikiwa napepea nikaikumbuka Yohana 21. Wanafunzi wamevua usiku kucha na hawakupata kitu. Hapa Jinja tunawaelewa watu hao. Ukienda Masese asubuhi unawaona wavuvi wanaoteremka na mashua tupu, hakuna anayewasemesha. Wale wanafunzi wanafika pwani na wanakuta moto wa makaa, na juu yake samaki, na mkate. Nani aliuwasha? Bwana Yesu. Huyo ni Yesu aliyekwisha kufufuka, Nalongo. Ameshinda mauti, amepewa mamlaka yote, na asubuhi hiyo anawaandalia watu wake kifungua kinywa. Yohana hasemi aliuwasha vipi. Anasema tu kwamba waliposhuka waliukuta unawaka, na kwamba aliwaambia, "Njoni mfungue kinywa."

Mimi niliposoma hapo nilisimama na mfuniko mkononi. Miaka yote nilidhani nikimaliza kazi ya jikoni ndipo nitakwenda kwa Bwana. Kumbe kazi hiyo Yeye aliifanya kwa mikono ile yenye alama za misumari.

Tena angalia jambo lingine. Kuna moto wa makaa mwingine katika Yohana, ule wa sura ya 18, katika ua wa Kuhani Mkuu. Petro alikuwa anaota moto pale usiku ule wa baridi alipomkana Bwana wake. Sasa pwani anaketi tena mbele ya makaa, na mbele yake yuko Yule aliyemkana. Mimi ningekuwa Petro chakula kisingepita kooni. Lakini Yesu hakumgusia neno hata moja mpaka walipokwisha kula. Imeandikwa hivyo hivyo, "Basi walipokwisha kula," ndipo anamwuliza, "Simoni wa Yohana, wanipenda?" Hakumhoji mtu mwenye njaa.

Hilo nimelifanya sheria ya nyumba hii. Mtoto akirudi shuleni na ripoti mbaya, anakula kwanza. Baba akichelewa na mimi nina maneno rohoni, namwekea posho (ugali) na maharage, anakula, ananawa, ndipo tunaongea. Siwezi kukuhesabia ugomvi uliozimika hivyo kabla haujaanza. Maneno mengine yenyewe nayaona hayana haja ya kusemwa mtu akishashiba. Na yale yenye haja yanasemwa kwa sauti ya chini. Hilo sikulipata kwenye semina ya ndoa, nililipata kwa Bwana pale penye makaa.

Jambo la pili ni la bibi yangu mzaa mama, wa kule Busoga. Nadhani sijawahi kukusimulia lote.

Unajua zamani katika Buganda na Busoga mwanamke hakuruhusiwa kula kuku wala mayai. Anamfuga kuku, anamchinjisha, anamnyonyoa, anampika, anapiga magoti kumpelekea mume, kisha anarudi jikoni kula mboga na watoto. Firigisi ilikuwa ya mwenye nyumba, na ikikosekana kwenye sahani yake kulikuwa na kesi. Basi ulipokuja ule uamsho wa Walokole, yaani waliookoka, ulioenea kutoka Gahini kule Rwanda na hapa Uganda miaka ya 1930, ukafika hata kijijini kwao, babu yangu aliokoka. Aliungama mbele ya watu. Alirudisha jembe la mtu alilokuwa ameliiba. Kijiji kizima kilizungumza.

Bibi hakusema kitu. Aliendelea kupika.

Siku moja kukapikwa kuku. Bibi akaleta chakula, akapiga magoti, akanyanyuka aende zake jikoni. Babu akamwambia, "Keti." Akausogeza mkeka kumpa nafasi. Akaichukua ile firigisi kwa vidole vyake, akaiweka kwenye sahani ya bibi, akasema, "Kula, sisi ni ndugu katika Bwana." Bibi alilia, na ile nyama ilimshinda kumeza siku ile. Alipokuwa anatusimulia, akiwa tayari mzee asiye na meno, alikuwa akisema: "Kuungama kwake kanisani nilikuwa nimekusikia. Nikangoja nione sahani."

Nikangoja nione sahani! Maneno hayo nayabeba mpaka leo. Mchungaji anatuona Jumapili tumevaa gomesi, gauni letu la heshima, na tumejipaka mafuta. Aliye ndani ya nyumba anatuona Jumatatu. Kama wokovu haukufika kwenye sahani, kwenye sauti tunayomwitia msichana wa kazi, kwenye namna tunavyomsema mama mkwe akiwa hasikii, basi bado uko njiani. Wewe unaniambia huna huduma. Dada, walio nyumbani mwako ndio kusanyiko gumu kuliko yote, kwa sababu hao hawadanganyiki. Unawahubiria tangu asubuhi mpaka usiku.

Umesema umebaki na beseni. Bwana naye usiku wake wa mwisho alishika chombo cha maji, akajifunga kitambaa kiunoni, akawaosha miguu watu ambao baada ya saa chache wangemkimbia. Unapomwosha mama mkwe wako, ambaye mimi na wewe tunajua alivyokutenda miaka ile ya kwanza ulipokuwa hujapata mtoto, unafanya tendo lile lile. Sisemi ni rahisi. Nasema hakuna tendo la ibada kule kanisani lililo karibu zaidi na lile alilolifanya Yeye.

Na kila mwaka Juni 3 unawaona mahujaji wakipita hapo Kireka kwenda Namugongo, wengine wametembea kwa miguu toka Tororo kwetu. Wanakwenda kuwakumbuka akina nani? Mashahidi wa Uganda, waliouawa kwa ajili ya imani yao. Wengi wao walikuwa vijana watumishi katika nyumba ya Kabaka Mwanga, mfalme wa Buganda. Kazi yao ilikuwa kutumwa, kupokea wageni, kuhudumu. Karoli Lwanga alikuwa mkubwa wa wahudumu hao, na ni humo humo ndani ya ikulu, usiku, alipombatiza Kizito aliyekuwa bado mtoto, siku chache kabla ya kuchomwa moto pale Namugongo mwaka 1886. Hawakuwa maaskofu wala wahubiri wa mikutano. Imani yao ilikulia katika kazi za nyumba, na ilipofika siku ya kujaribiwa ikawa imekomaa.

Lakini nisikuchoshe kwa kukufanya udhani nakwambia uvumilie tu na kutabasamu. Uchovu ni uchovu. Nimekuwa nikimsoma Eliya katika 1 Wafalme 19, alipolala chini ya mretemu akaomba afe. Mungu hakumkemea kwa kukosa imani. Alimwacha alale, akamtuma malaika na mkate uliookwa juu ya makaa (makaa tena, unaona) na gudulia la maji. Eliya akala, akanywa, akalala tena. Malaika akarudi mara ya pili na kumlisha tena. Safari ya Horebu ilikuja baadaye. Kwa hiyo ukisinzia ukiwa umepiga magoti usijione mwasi. Lala. Aliyekupa usingizi ndiye uliyekuwa unaongea naye.

Neno moja tu nakuomba uliandike kwenye karatasi ulibandike ukutani, pale unapoketi kunyonyesha. Ni Isaya 40:11. Wengi wanaukimbilia mstari wa mwisho wa sura ile, wa kupanda juu kwa mbawa kama tai, na wanaupita huu: "Atawakusanya wana-kondoo mikononi mwake, na kuwachukua kifuani mwake, nao wanyonyeshao atawaongoza polepole." Wanyonyeshao, Nalongo! Ametaja wewe. Mchungaji anapunguza mwendo wa kundi zima kwa ajili ya yule mwenye mtoto. Wewe unadhani umeachwa nyuma, kumbe Yeye ndiye aliyeamua mwendo huu.

Usome huo tu. Ukipata nguvu, soma zaburi moja ukiwanyonyesha, kwa sauti, wanao wakusikie. Ukikosa nguvu, sema "Bwana, nipo," itoshe kwa siku hiyo. Na Salongo umwambie kwa upole, akishakula, kwamba Jumapili abebe mmoja na wewe umbebe mwingine mwende ibadani, hata mkikaa karibu na mlango. Watoto ni wa wote wawili. Akiona haya kubeba mtoto mbele ya watu, mkumbushe habari ya babu yangu na firigisi.

Mimi Jumamosi ijayo, Mungu akipenda, napanda teksi asubuhi nije huko. Nabeba mukene (dagaa) mkavu, ngege (sato) wa kukaushwa kutoka Masese, na mche wa sabuni. Usiniandalie kitu chochote na usifue nguo za Ijumaa, ziache. Nitafua mimi, nitampikia mama mkwe uji, na wewe utalala mchana kutwa mlango umefungwa. Jioni tutaomba pamoja kabla sijarudi. Ukihitaji kitu kingine cha huku, mwambie yule binti anipigie mapema kabla ya Ijumaa.

Nisalimie Salongo sana, na mama mkwe mwambie namwombea.

Ni mimi dada yako katika Kristo,
wa kambini Tororo.