Barua kwa Rukia, kuhusu Mwanaidi na vyuma

Tanga, Jumapili jioni

Mpendwa dada Rukia,

Assalaam aleikum. Ama baada ya salamu, huku sote wazima. Mama anakohoa kidogo, na mzigo wa dagaa umefika salama. Barua yako niliipata Jumatano, na siku zote hizi nimekuwa nikiisoma na kuiweka, kwa kuwa umeniomba jambo ambalo moyo wangu haulikubali.

Unataka nimwambie Mwanaidi aache kunyanyua vyuma, kwa sababu mimi ndiye anayenisikiliza. Dada, siwezi. Wewe ulikuwepo tulipokuwa kidato cha pili, mwalimu wa michezo aliponitoa kwenye timu ya tufe kwa madai kwamba nitaota mwili wa kiume, ukanishika mkono tukarudi bweni bila kusema neno. Sitaki kumfanyia mtoto wako nilichofanyiwa.

Wajomba zake wanasema binti wa Kiislamu hawezi kupanda jukwaani akabaki na stara. Zamani walikuwa na hoja, kwa maana kanuni zilitaka viwiko na magoti yawe wazi, ili waamuzi watatu wahakikishe kuwa mikono imenyooka kabisa chuma kikiwa juu ya kichwa. Lakini mwaka 2011 Kulsoom Abdullah, Mmarekani mwenye asili ya Pakistani, alidai haki ya kushindana akiwa amejisitiri, na shirikisho la dunia likaruhusu vazi linalofunika mikono na miguu. Miaka mitano baadaye Sara Ahmed wa Misri, msichana wa miaka 18 mwenye hijabu, alinyanyua jumla ya kilo 255 kwenye Olimpiki ya Rio de Janeiro akapata shaba, na mwaka 2024 kwenye ile ya Paris akapata fedha kwa kilo 268. Najua watasema vazi lile linabana. Hilo lizungumzeni nyumbani kwa upole, Mwanaidi mwenyewe akiwepo.

Lile la wajomba kusema kwamba vyuma vitamharibu kizazi ndilo lililoninyima usingizi. Mwanaidi amebeba ndoo za maji kutoka bombani tangu akiwa na miaka saba, na hakuna mjomba hata mmoja aliyesimama kusema kwamba uzito utamdhuru. Hidilyn Diaz wa Ufilipino, binti wa dereva wa bajaji, naye alikua akichota maji kwao Zamboanga. Mwaka 2020 alipokwama Malaysia kwa sababu ya korona, alifunga madumu ya maji kwenye mwanzi akaendelea na mazoezi, na mwaka uliofuata huko Tokyo, katika kundi la wanawake wenye uzani wa mwili wa kilo 55, alinyanyua kilo 97 kwa mkupuo mmoja hadi juu ya kichwa, kisha 127 kwa kupumzisha chuma mabegani kwanza, akamshinda Mchina kwa kilo moja tu na kuipa nchi yake dhahabu ya kwanza kabisa ya Olimpiki. Kila nikiikumbuka ile kilo moja namwona Mwanaidi na ndoo yake.

Ninachokiogopa mimi ni dawa zilizokatazwa michezoni. Wanawake walipoingia Olimpiki katika mchezo huu mara ya kwanza, Sydney mwaka 2000, Mbulgaria aliyeshinda uzani mwepesi kabisa alinyang'anywa dhahabu kwa dawa ya kukojosha, nayo akapewa Tara Nott wa Marekani. Kwa hiyo, badala ya kumzuia, tumchunguze vizuri huyo anayemfundisha.

Je, ni nani hasa? Anampa vidonge au unga wowote wa kunywa? Alimfundisha kwanza kwa chuma kitupu, kile cha wanawake cha kilo 15, au alimwongezea uzito siku ile ile? Mtoto anakula vya kutosha, au ameambiwa apunguze mwili? Baba yake mwenyewe amesema nini, maana katika barua nzima nimewasikia wajomba peke yao? Na wewe, Rukia, umewahi kwenda kumtazama akinyanyua? Nijibu kabla ya likizo, nipate kujua kama utamruhusu aje kukaa nami.

Wako akupendaye,
Zuhura