Taarifa ya mwaka ya mwenyekiti kwa bamemba bote, Lubumbashi

Bapendwa bamemba wa kikundi chetu cha kusoma utafiti na kesi za bagonjwa, banganga na bainfirmie, jambo kwenu bote. Nianze na feza ili tupite haraka: kotisasioni iliingia kidogo kidogo, kuna bale bado hawajalipa na benyewe banajijua, fotokopi njo zilikula makuta karibu yote. Mama mweka feza ana risiti zote, mumuulize yeye. Tulikutana mara 9, ingine tatu zilikufa juu ya mvua na umeme, na siku moja tulisoma kesi na mwanga wa telefone.

Sasa kazi yenyewe. Tulipita mu malaria ya batoto, mu mpox, mu uzazi, lakini ile iliyotugombanisha kuliko zote ni ya hapa kwetu, utafiti wa Lubumbashi uliotoka 2020 mu jurnali ya Lancet Planetary Health. Balichukua batoto 138 waliozaliwa na kilema kinachoonekana, bakabalinganisha na 108 bila kilema, wakapima madini mu mukojo na damu ya mama, mu damu ya kitovu, hata mu kondo ya nyuma. Sisi bote tuliingia mu sale ya kikutano na jibu tayari mu mufuko, kwamba ni kobalti, yale madini ya hapa kwetu, iliyoingia mu mwili wa mama, basi. Kumbe kilichotoka na nguvu kuliko vyote ni kazi ya baba! Baba akiwa mu kazi ya madini, uwezekano wa mtoto kuwa na kilema ulikuwa karibu mara 5.5. Infirmie mmoja wa Katuba akanyamaza kwanza, halafu akasema, "Miaka yote hii fishi ya uzazi tunauliza kazi ya mama, baba tunaandikaka jina tu."

Vijana wakakataa, wakaonyesha kwamba ile 5.5 inaweza kuwa 1.2 ao inaweza kufika 25, ni pana sana, na kweli walikuwa na haki, utafiti wa kulinganisha hivi haukwambii nini imefanya nini. Ni vumbi anayorudisha na nguo nyumbani? Ni mbegu yake? Tulibishana mpaka mulinzi akaja na funguo, na mimi mwenyewe sijabadilisha mawazo, ile swali ya baba iingie mu fishi hata kama jibu halijakamilika.

Kuhusu Ebola nitasema kimoja tu. Mu jaribio la dawa la 2018 na 2019 kule Kivu, bagonjwa 681, bale walipata dawa ya mAb114 walikufa 35 juu ya mia, bale wa dawa ingine, ZMapp, karibu nusu. Sasa mAb114 ilitoka wapi? Ku damu ya mtu aliyepona Ebola ya Kikwit, 1995. Malade mmoja! Ile njo nawaambiaka kila mara munaponiambia "mwenyekiti, kesi moja itasaidia nini".

Na hapa nakasirika kidogo, munisamehe. Tuliahidi kila memba aandike kesi yake moja, zilifika mbili. Wengine munaogopa Kifaransa cha kuandika, sawa, lakini wengine ni uvivu tu. Ya kwangu pia haikufika, nakubali, fishi ya malade wangu ilipotea mu makaratasi ya hopitali moja, nilitafuta siku tatu, infirmie mmoja akanichekea, "Munganga, labda wamefungia karanga." Tangu hapo najiandikia mu kaye yangu, bila jina la malade. Na tafazali, picha za malade mu WhatsApp bila ruhusa yake, iishe, nimeshafuta mbili na sitaki kufuta ya tatu.

Fishi mupya yenye ule mustari wa kazi ya baba nimeshaitoa fotokopi, na feza yangu mwenyewe, mama mweka feza asitafute risiti. Zipo kwangu Kamalondo, mukuje kuchukua mbele ya kikutano kya kwanza.