Mwanahabari akija Lamu asiishie Mkunguni

Mheshimiwa Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nizungumzie jinsi habari za kisiwa chetu zinavyokusanywa, kwa kuwa naamini kwamba namna habari inavyokusanywa ndiyo inayoamua, hata kabla haijafika mezani pako, ni nani atakayeonekana kuwa na rai na ni nani atakayeonekana kuwa na machozi tu.

Mwanahabari anayetumwa Lamu hushuka gatini, hupita barabara ya pwani, hufika uwanja wa Mkunguni mbele ya ngome, na hapo hukuta baraza zimejaa watu walio tayari kuzungumza. Muda alionao ni mfupi, kwa sababu lazima awahi boti ya kurudi Mokowe, upande wa bara, na mhariri wake anaisubiri habari jioni hiyo hiyo. Huwauliza watu watatu au wanne, hupiga picha, huondoka. Wote aliowauliza ni wanaume, maana baraza za Mkunguni ni za wanaume tangu hapo, na wanawake wa mji huu hukutana kwingine: majumbani, vyuoni wanakosomesha watoto Qurani, kwenye arusi na matanga, katika vyama vyao vya kuweka akiba. Simtuhumu mwanahabari huyo kwa nia mbaya. Lakini kesho yake gazeti huandika kwamba “wakazi wa Lamu wanasema”, na msomaji aliye Nakuru au Kisumu huamini kwamba amewasikia wakazi wa Lamu, ilhali amewasikia wanaume wachache waliokuwa wameketi mahali pamoja asubuhi moja.

Jambo hili si dogo, na wala si la Lamu peke yake. Uchunguzi wa kimataifa unaofanywa kila baada ya miaka mitano, ambao huchagua siku moja na kuhesabu watu wote wanaotajwa au kunukuliwa katika magazeti, redio na televisheni, ulianza mwaka 1995 na kukuta kwamba wanawake walikuwa asilimia 17 ya watu hao. Mwaka 2020, katika nchi 116, walikuwa asilimia 25. Yaani kwa robo karne nzima, muda ambao Kenya ilipata katiba mpya, habari za dunia zilisogea kutoka chini ya moja ya tano hadi robo, zikasimama hapo.

Athari yake katika maoni ya umma inajulikana pia. Mwaka 1968 watafiti wawili wa Marekani, Maxwell McCombs na Donald Shaw, waliwahoji wapiga kura 100 wa mji wa Chapel Hill ambao hawakuwa wameamua watamchagua nani, wakalinganisha mambo ambayo watu hao waliyaona kuwa makubwa na mambo ambayo vyombo vya habari vilikuwa vimeyapa uzito. Orodha hizo mbili zilikaribia kuwa moja. Gazeti huenda lisiweze kumlazimisha msomaji awaze hivi au vile, lakini lina uwezo mkubwa wa kumchagulia jambo la kuwazia. Basi likiwauliza wanaume peke yao, jambo la kuwazia litakuwa lile walionalo wanaume.

Niruhusu nieleze kwa mfano wa bandari, kwa kuwa hakuna habari ya Lamu iliyoandikwa sana kama hiyo. Mradi wa LAPSSET, ambao bandari ya Lamu ni sehemu yake, ulizinduliwa Machi 2012, na gati la kwanza la bandari likafunguliwa Mei 2021. Katikati yake, mwaka 2018, Mahakama Kuu mjini Malindi iliamua kwamba wavuvi wapatao 4,600 walioathiriwa na ujenzi wa bandari walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76. Habari hiyo ilisomwa nchi nzima, na kila aliyeisoma alimwona mvuvi akilini mwake: mwanamume ndani ya mashua, na nyavu zake. Hakuwaona kina mama wanaonunua samaki wadogo ufuoni, wakawakaanga na kuwauza, ambao Pwani tunawaita mama karanga. Hakumwona mwanamke wa kisiwa cha Pate anayevua pweza miambani maji yanapokupwa. Na hawa ndio wenye ushahidi ambao hakuna mwingine aliye nao. Mama karanga hununua samaki kila siku, kwa hiyo anajua kama samaki wamepungua ukubwa, anajua ni wa aina gani hawaletwi tena, anajua bei ya ndoo moja imepanda kwa kiasi gani na ni mwezi gani ilianza kupanda, na anaweza kutenganisha upungufu wa kawaida wa kusi na upungufu mpya ambao hauishi hata kaskazi ikirudi. Mvuvi akipata kidogo, kidogo hicho humwendea tajiri mwenye barafu, na mama karanga ndiye wa kwanza kukosa. Mwanahabari angemuuliza yeye angepata habari iliyo bora zaidi, iliyo na tarehe na bei ndani yake. Ninasema hivi kwa mkazo kwa sababu watu hudhani kwamba kuwauliza wanawake ni hisani wanayofanyiwa. Anayepungukiwa wasipoulizwa ni msomaji, kwa kuwa anauziwa habari pungufu.

Na hivyo hivyo kuhusu nyumba. Mji wa Kale wa Lamu umo katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu 2001, na kila mwaka tunasoma makala kuhusu kuta za matumbawe, milango ya kuchonga na uchakavu wa majengo. Wanaozungumza katika makala hizo huwa mafundi, wazee na maofisa. Lakini desturi ya zamani ya familia nyingi za hapa ni kumpa binti nyumba anapoolewa, na kwa hiyo wenye nyumba kadhaa za mtaa wa Mkomani ni wanawake, waliozirithi kwa mama zao na bibi zao, na ndio wanaoamua kama chokaa itapakwa au saruji, kama nyumba itauzwa kwa mgeni au itabaki. Inawezekanaje makala ya kurasa mbili kuhusu nyumba hizi ikamnyima neno mwenye nyumba, kisha ikaweka picha yake akipita uchochoroni na buibui lake, kama pambo la ukuta?

Hapa nagusa suala la picha, ambalo naona ndilo kiini cha tatizo hili kwetu. Wapo wanaosema kwamba wanawake wa Lamu hawataki kuzungumza na waandishi. Si kweli. Wasichotaka wengi wao ni kupigwa picha, na hayo ni mambo mawili mbalimbali. Jirani yangu, ambaye amefanya biashara ya samaki tangu ujana wake, alimweleza mwandishi mmoja kwa kirefu hali ya soko. Mwisho mwandishi akaomba picha ya uso, jirani yangu akakataa kwa adabu, na habari ilipotoka hapakuwa na hata neno lake moja. Nafasi yake ilijazwa na kijana aliyekubali kupigwa picha na ambaye hauzi samaki. Sheria gani ya uandishi inayosema kwamba kauli haina thamani bila sura? Piga picha ya mikono yake, ya karai, ya mizani, au usipige kabisa. Kisha andika jina lake ukiwa na idhini yake, na kazi yake. Narudia, kazi yake, kwa sababu mwanamume akinukuliwa huitwa mfanyabiashara au mkulima, na mwanamke aliyenukuliwa aya inayofuata huitwa mama wa watoto wanne. Pwani hii ndiyo ya Mwana Kupona, yule mshairi wa utenzi mashuhuri. Haikuwa na uhaba wa wanawake wenye la kusema.

Kuna wakati mmoja ambapo uso wa mwanamke wa kaunti yetu hutafutwa kwa bidii, nao ni wakati wa msiba. Baada ya mashambulizi ya Mpeketoni ya Juni 2014, ambapo watu zaidi ya 60 waliuawa, picha za wajane wakilia zilienea kila mahali, na chini yake maelezo ya usalama yakatolewa na maofisa na wachambuzi wanaume. Sikatai kwamba kilio kile kilikuwa cha kweli na kwamba nchi ilipaswa kukiona. Lakini wajane wale ndio waliobaki na watoto, na mashamba, na hofu ya kila jioni, na walijua juu ya usalama wa vijiji vyao mambo ambayo msemaji aliye mjini hayajui. Msomaji anayemwona mwanamke akilia mwaka baada ya mwaka, asimsikie akieleza, hujifunza kumhurumia na hajifunzi kumsikiliza. Na siku mwanamke huyo anapoomba kura, msomaji huyo huyo hushangaa.

Hata hivyo kura zimeshaanza kutuonyesha kwamba wananchi wanaweza kuwatangulia waandishi. Mwaka 2022 Wakenya walichagua magavana wanawake saba, akiwemo Fatuma Achani wa Kwale, na huku kwetu Ruweida Obo, aliyekuwa mwakilishi wa wanawake, akachaguliwa mbunge wa Lamu Mashariki.

Ombi langu kwako, Mhariri, ni la kazi. Habari ya Lamu inayotumia maneno “wakazi wanasema” isipite mezani pako mpaka mwandishi aonyeshe kwamba amezungumza na wanawake, na kwamba hakuwauliza kuhusu ndoa na mapishi peke yake. Mwandishi anayekuja huku apewe siku ya pili, avuke hadi Faza na Kizingitini katika kisiwa cha Pate, na ikiwezekana aje mwandishi mwanamke, ambaye ataingia nyumba ambazo mwenzake hawezi kuingia. Na kwa kuwa uchaguzi wa 2027 unakaribia, naomba gazeti lako lihesabu kila mwezi ni wanawake wangapi na wanaume wangapi walionukuliwa katika habari za Pwani, na liichapishe hesabu hiyo katika ukurasa huu huu, tuione sote.

Wako mwaminifu,
Msomaji wa Langoni, Lamu