Vifremu kopi, lakini kila picha iangalie uso wake

Mhariri,

Naomba nafasi kidogo kwa gazeti lako niseme na vijana wenzangu wanaoediti video huku Lamu, za harusi, za Maulidi, za mashindano ya majahazi, na pia niseme na familia zinazotuletea picha, manake kuna jambo linaniuma, kukopi mwendo wa picha moja kwa picha zote bila kutizama, na naona tukinyamaza litazoeleka.

Siku hizi harusi nyingi hapa zina ile video ya picha, yaani zinakusanywa picha za zamani za bwana harusi akiwa mtoto, za babu na nyanya zake, za watu walotangulia mbele ya haki, zinatiwa nashidi chini halafu zinaonyeshwa ukutani kwa projekta. Kazi nzuri wallahi, na watu wanalia. Sasa picha ikisimama tu kama ilivo haina raha, ndo maana tunaitia mwendo, inakuja karibu polepole au inateleza kutoka upande mmoja. Si mtindo wa jana huu, Mmarekani Ken Burns aliutumia sana kwa filamu zake za historia hadi Apple walipoutia kwenye iMovie mwaka 2003 wakauita kwa jina lake. Na mwendo wenyewe tunauweka kwa vifremu, yaani keyframe, zile alama ndogo kwenye klipu, kile kipande cha video au picha unachokiediti, moja unaiambia programu hapa picha iwe ukubwa huu na ikae hapa, nyengine unaiambia ikifika hapa iwe imeshafika pale, katikati yake programu inajaza yenyewe.

Picha zikiwa mia na zaidi hakuna mtu ataweka vifremu moja moja, tunakopi. Kwa Premiere Pro, programu ya kuediti video, unachagua klipu uloitengeneza, Ctrl+C, unachagua zengine zote, Ctrl+Alt+V, unatia tiki pale pa mwendo, basi. Kwa DaVinci Resolve, programu nyengine ya kuediti, kupesti ni Alt+V. Mi sina neno na kukopi, na wanaosema ni uvivu hawajawahi kupewa bahasha ya picha usiku wa kuamkia harusi. Neno langu ni kwa wanaopesti halafu wanaeksipoti, yaani wanaitoa video nzima, hapo hapo bila kutizama.

Juzi nilikuwa kwa harusi moja mtaa wa Langoni, ikaja picha ya marehemu babu yake bwana harusi, nyeusi na nyeupe, mzee ameketi barazani upande wa kushoto, bakora mkononi, nyuma yake mlango wa nakshi. Picha ikaanza kuja karibu, lakini ikawa inakuja upande wa kulia, mzee akaanza kusukumwa nje, kwanza sikio, halafu shavu, hadi mwisho pakabaki bega lake na kichwa cha bakora, na nakshi za mlango zimejaa ukuta mzima. Nduguye marehemu, mtu mzima sana, alikuwa ameketi mbele, akageuka akauliza, "mbona wamemtoa?" Hakuna alomtoa. Ni vifremu vya picha ilotangulia, ambayo kijana alikuwa amesimama kulia, vimepestiwa kwa babu vile vile. Ni sawa na kushona kanzu kwa kipimo cha mtu mmoja ukaivisha safu nzima ya msikitini.

Hebu tuangalie yanayoharibika, manake ukiyajua hayakusumbui. Kubwa zaidi ni ukubwa wa picha. Kwenye Premiere Pro asilimia unayoweka inahesabiwa kwa picha yenyewe, si kwa skrini. Tuseme video yako ni pikseli 1920 kwa 1080, zile nukta ndogo zinazounda picha, picha ya simu ina pikseli 4000 kwa upana, ukiiweka asilimia 48 inajaa upana wote. Ukikopi hiyo 48 ukaipesti kwa picha ya zamani iloskaniwa ikawa na pikseli 1200 tu, inakuwa 576, yaani kijipicha kidogo katikati ya giza. Watu wanafikiri programu imeharibika, haijaharibika, imefanya ulivoiambia. DaVinci Resolve kwa kawaida inaitosheza picha kwenye skrini kwanza, kwa hivo hapo utapata nafuu, lakini picha ya kusimama bado itakuja na giza pembeni.

Halafu muda. Ukiwa unaediti kwa fremu 25 kwa sekunde, yaani video inaonyesha picha 25 kila sekunde, picha ya sekunde 5 ni fremu 125, kifremu cha mwisho umekiweka huko mwisho. Ukivipesti kwa picha ya sekunde 3, inakatika fremu ya 75 na mwendo bado uko njiani, ndo unaona picha zinaruka ruka kama zimeshtuliwa. Dawa iko hapo hapo kwenye kidirisha cha kupesti, kuna mahala pa kuchagua vifremu vibaki na muda wake au vivutwe vitoshee klipu, chagua vivutwe. Na kama unakopi vifremu vyenyewe kutoka ndani ya klipu badala ya klipu nzima, angalia ule mstari wa kuchezea, unaoonyesha video imefika wapi, umeuacha wapi, manake kifremu cha kwanza kitakaa pale ulipo mstari, ukiuacha katikati ya picha mwendo nao utaanza katikati.

Mi naona njia iliyo sawa ni hii. Kabla hujaingiza picha kwenye programu, zikate zote ziwe saizi moja, 2880 kwa 1620 inatosha, ina nafasi ya kusogea karibu bila picha kuwa na ukungu. Picha ndogo za zamani hazitafika hapo bila kuvutwa, kwa hizo mwendo uwe mdogo mno. Halafu kopi ule ukubwa na muda, huo ndo unaofanana kwa zote. Lakini pahala pa kwenda, pale picha inapoelekea, pitia kwa mkono picha moja moja, tizama uso uko wapi, sogeza kifremu cha mwisho kikae usoni. Kila picha ni sekunde chache tu za kazi. Wasokuwa na pesa za Premiere, DaVinci Resolve iko ya bure, Kdenlive na Shotcut ni za bure pia, hakuna kisingizio cha programu.

Na wewe Mhariri, maelezo ya mambo haya yamejaa Kiingereza, kijana wa Matondoni au Faza anajifunza kwa kubahatisha vibonyezo. Ukurasa mmoja wa Kiswahili kwa wiki wa kufundisha kuediti ungewafaa wengi zaidi ya habari za simu mpya, manake hii ni kazi, watu wanaishi kwayo hapa.

Kwa wazazi na wenye harusi, picha mnazotutumia kwa WhatsApp kwa njia ya kawaida zinafika zimeshapunguzwa, ukizivuta karibu uso unakuwa miraba miraba. Zitumeni kama dokumenti zifike nzima, na bora zaidi leteni picha yenyewe ya karatasi tuiskani wenyewe kisha tuirudishe. Na zije siku kadhaa kabla, si alasiri na video inatakiwa baada ya Isha, manake zikija alasiri hata fundi mzuri hatapata wakati wa kumtizama babu usoni.

Muediti wa video,
Mkomani, Lamu