Kakakuona Hana Meno: barua ya wazi kwa vijana wanaochora wanyama walio hatarini kutoweka

Wanangu wachoraji, wachongaji, na ninyi mnaopaka rangi kuta zilizo wazi ili wapita njia wasome,

Salamu kwanza, maana nawapenda. Halafu niruhusuni niseme lililonikaa kooni tangu Jumamosi.

Nilialikwa kwenye maonyesho ya picha za wanyama walio hatarini kutoweka. Nimeshika brashi kwa zaidi ya miaka arobaini, kwa hiyo mialiko ya namna hii haikosi, nami huiitikia kwa moyo mkunjufu. Ukumbi ulijaa. Picha iliyopewa zawadi ya kwanza ilikuwa ya kakakuona, kubwa kuliko mlango, rangi zimekolea, magamba yameng'aa moja moja kama sarafu mpya. Kakakuona ameinua kichwa, mdomo wazi, na ndani ya mdomo safu mbili za meno makali kama ya mamba.

Nilisimama pale muda mrefu. Watu walikuwa wakipokezana kupiga picha mbele yake. Nikamfuata kijana aliyeichora, kijana mwenye adabu kabisa, nikamuuliza, "Mwanangu, huyu ulimwona wapi?" Akaniambia alimtoa mtandaoni, picha kadhaa, nyingine zimetengenezwa na akili mnemba, akazichanganya. "Na meno?" Akajibu, "Niliyaongeza, mzee, ili aonekane ana nguvu ya kupigana."

Kakakuona hana meno, wanangu. Hana hata moja. Anakula sisimizi na mchwa kwa ulimi mrefu unaonata, na chakula chake husagwa tumboni. Akitishwa hapigani. Anajiviringa akawa mpira, magamba nje, tumbo ndani, na kama ni mama mwenye mtoto, basi mtoto hufumbatwa humo humo katikati. Simba atamgeuza, atamng'ata, atachoka na kwenda zake. Binadamu huinama tu akamwokota na kumtia guniani. Kinga iliyomtosha mbele ya simba ndiyo inayommaliza mbele yetu. Aina zote nane zilizopo duniani, nne za Afrika na nne za Asia, ziko katika hatari ya kutoweka, na mwaka 2016 nchi wanachama wa CITES, mkataba unaosimamia biashara ya kimataifa ya wanyama na mimea iliyo hatarini, zilikubaliana kupiga marufuku biashara ya kimataifa ya kakakuona wote, wanaowindwa kwa ajili ya nyama yao na kwa magamba yaliyoumbwa kwa kitu kilekile cha kucha zako.

Sasa mtazame tena yule wa ukumbini. Umempa meno, na mtazamaji ameondoka akiamini kwamba mnyama huyu anaweza kujitetea. Umemwondolea huruma yote aliyostahili. Ungemchora alivyo, mpira wa magamba juu ya udongo na kivuli cha mkono wa mtu kikimwendea, nisingekuwa na la kusema, ningelia tu. Kilichoniudhi hasa ni kwamba waamuzi walikuwa watano na hakuna aliyegundua. Wala mimi sikusimama na kusema mbele ya watu. Niliogopa kumwaibisha mtoto wa watu siku yake ya furaha, nikarudi nyumbani na hasira yangu, na barua hii ndiyo iliyozaliwa.

Mtasema, "Mzee, sanaa si kitabu cha sayansi." Nimelisikia neno hilo mara nyingi. Mchore buluu ukitaka. Mchore kwa mistari mitatu. Mpasue vipande umpange upya. Hayo ni mamlaka yako. Lakini kuamua kubadilisha kitu unachokijua ni jambo moja, na kubadilisha kwa kuwa hukijui ni jambo jingine kabisa, na jicho lililozoea hutambua tofauti kabla hata hujamaliza kujieleza.

Mwaka 1515 meli ilimleta faru kutoka India hadi Lisbon, zawadi kwa mfalme wa Ureno. Albrecht Dürer, fundi ambaye mkono wake sijui kama umepata mwenzake, alikuwa mbali Ujerumani na hakumwona kamwe. Alipata maelezo ya barua na mchoro mdogo wa mtu mwingine. Akachora, mchoro ukachongwa kwenye ubao, ukapigwa chapa. Faru yule ana vipande vya ngozi kama deraya ya askari, miguu ina magamba, na mgongoni, juu ya mabega, kuna pembe ndogo ya ziada ambayo hakuna faru aliyewahi kuwa nayo. Picha ni nzuri mno. Ndiyo sababu watu waliiamini, na vitabu viliinakili kwa zaidi ya miaka mia mbili, pembe ya mgongoni ikiwemo. Faru mwenyewe alizama baharini mwaka uliofuata, meli yake ilipozama pwani ya Italia. Angekuwa wa mwisho wa aina yake, pembe ile ingekuwa ndiyo kumbukumbu yetu.

Na kuna mnyama ambaye yalimpata hayo. Ndege dodo wa kisiwa cha Mauritius alitoweka katika karne ya 17. Dodo tunayemjua sote, mnene, mzito, mjinga wa sura, ametokana kwa sehemu kubwa na wachoraji wachache wa Ulaya, hasa Roelant Savery, na baada yao wengine wakanakili nakala za nakala. Wataalamu waliochunguza mifupa wanaona kwamba huenda alikuwa mwembamba kuliko hivyo. Tulimuua, halafu tukamchora vibaya, na sasa kwa Kiingereza jina lake watu hulitumia kumtajia mtu mjinga. Hana wa kumtetea.

Nenda upande wa pili. Katika pango la Chauvet, Ufaransa, lililogunduliwa mwaka 1994, kuna simba waliochorwa kwa mkaa zaidi ya miaka 30,000 iliyopita. Waliowachora hawakuwa na vitabu wala simu. Walikuwa na macho, na sababu nzuri ya kuyatumia. Walichora simba dume wenye korodani zinazoonekana wazi, lakini bila manyoya ya shingoni. Simba wale wa mapangoni wametoweka kabisa, na mifupa haihifadhi manyoya. Leo wanasayansi wanaposema kwamba madume yao hayakuwa na manyoya ya shingo, ushahidi mkubwa walio nao ni ile michoro. Mchoraji asiye na jina, kiganja chake kimejaa masizi, anatoa ushahidi mbele ya dunia na anaaminiwa, kwa sababu alitazama.

Ndiyo maana nawasumbua kwa madoa. Duma ana madoa mviringo yaliyojaa, moja moja. Chui madoa yake yamekusanyika kama petali kuzunguka katikati iliyo wazi. Duma ana mistari miwili myeusi inayoshuka kutoka kwenye macho hadi kando ya mdomo, chui hana. Nimeona duma mwenye madoa ya chui kwenye fulana, kwenye mabango ya kuchangisha fedha, na mara moja kwenye cheti cha shukrani. Faru mweusi ana mdomo wa juu uliochongoka wa kukamatia matawi. Faru mweupe mdomo wake ni mpana, wa kukatia majani chini. Wote ni wa kijivu. Msimpake mmoja mkaa na mwingine chokaa kisha mkaniambia mnafanya kampeni. Watu wenu wanaowajua wanyama hawa, walinzi wanaolala porini, wakiona kosa hilo wanajua papo hapo kwamba hamkuwahi kuwauliza chochote.

Wengi hamna uwezo wa kufika porini, nalijua hilo. Basi kaeni na makumbusho, na mifupa, na video za watafiti, na mtu aliyemfuga, aliyemlinda au aliyewahi kumwinda kisha akaacha. Chora mguu mmoja mara thelathini. Mwaka 1961 shirika la uhifadhi la WWF lilipotaka alama yake, kielelezo chao kilikuwa panda hai aitwaye Chi-Chi wa bustani ya wanyama ya London, na Peter Scott, mmoja wa waanzilishi wake, akachora panda wa kwanza wa alama inayojulikana leo kila mahali. Walimchagua mnyama mweusi na mweupe pia ili kuokoa gharama za kuchapa kwa rangi. Umaskini wa rangi haukuwazuia. Wangekosa kutazama, wangekwama.

Sasa nigeukie kosa langu, maana si haki niwachape ninyi peke yenu. Kwa miaka mingi kila nilipotaka kuonyesha uovu nilichora tumbusi. Tumbusi juu ya mti mkavu, tumbusi na viongozi wala rushwa, tumbusi akimngoja mtoto mgonjwa. Picha hizo ziliuzika. Baadaye ndipo nikasoma yaliyotokea Asia ya Kusini: kuanzia miaka ya 1990 aina tatu za tumbusi zilipungua kwa zaidi ya asilimia 95, na mwaka 2004 wanasayansi wakatangaza sababu. Ng'ombe walikuwa wanapewa diklofenaki, dawa ya maumivu. Wakifa nayo mwilini, tumbusi wakala mizoga, na figo zao zikaharibika. Mizoga ikabaki inaoza, mbwa wa mitaani wakaongezeka. Huku Afrika majangili huwawekea sumu kwa makusudi, kwa sababu tumbusi wakizunguka angani walinzi hujua mnyama ameuawa wapi. Mwezi Juni 2019, Botswana, tumbusi 537 walikutwa wamekufa kwa mizoga ya tembo iliyotiwa sumu. Mia tano thelathini na saba. Nami nilikuwa nimetumia nusu ya maisha yangu kuwafundisha watu kuwachukia. Tangu siku hiyo nawachora wakifanya kazi, shingo zimeinama, wakituepusha na magonjwa, na picha hizo nauza chache.

Hapo pia pana neno kwenu. Ukumbini nilihesabu tembo na simba hadi nikachoka. Yuko wapi nguva? Yuko wapi kasa ng'amba? Yupo chura wa Kihansi, Tanzania, mdogo hata anakaa juu ya ukucha wa kidole gumba, azaaye watoto kamili badala ya kutaga mayai. Dunia nzima aliishi kwenye manyunyu ya maporomoko ya korongo moja tu. Maji yakaelekezwa kwenye mitambo ya umeme, kisha ukaja ugonjwa wa kuvu, na mwaka 2009 akatangazwa kuwa ametoweka porini. Aliponea kwa wachache waliokuwa wamepelekwa kwenye bustani za wanyama za Marekani, na baadaye wakaanza kurudishwa korongoni kwao. Umeme ule watu waliuhitaji, nami siwalaumu waliowasha taa. Lakini niambieni ni nani kati yenu amemchora chura yule, wa manjano, ametulia kwenye jani lenye maji.

Mengine nitayapitia haraka, maana mkono umechoka.

Usitangaze mahali mnyama alipo. Majangili nao wanasoma mtandao. Futa alama ya eneo kwenye picha kabla hujaituma.

Usimkodi mnyama aliyefungwa mnyororo ili akukalie kama kielelezo.

Picha ya mpiga picha mwenzako si mali ya bure. Mwombe ruhusa, mtaje.

Kagua vifaa vyako. Zamani rangi nyeusi ilitengenezwa kwa kuchoma mabaki ya pembe za ndovu, na wasanii ndio waliozinunua. Gamba la ng'amba limepamba visanduku vya wachongaji karne nyingi. Mikono yetu haiko safi kama tunavyojisifu.

Ukisema sehemu ya mauzo inakwenda kwa uhifadhi, andika kiasi gani, kwa nani, lini, na uonyeshe risiti. Mali bila daftari huisha bila habari.

Na mchoreni binadamu aishiye na wanyama hao. Hili linaniuma. Tumezoea kupendezwa na tembo ukutani mwa sebule, na tunamsahau mama ambaye shamba lake lote limeliwa na tembo huyo usiku mmoja. Tukimchora yeye tunamchora kama adui au hatumchori kabisa. Waandaaji wa maonyesho hawamwaliki. Wadhamini wanataka machweo mekundu na mbuyu. Jamii yetu imejifunza kulipia chozi la mnyama kwenye karatasi, kisha ikapitisha barabara katikati ya njia yake, na wasanii tumekubali kuwa wapambaji wa sherehe hiyo. Kataeni baadhi ya kazi. Najua kodi ya nyumba haingoji, lakini kataeni baadhi.

Kijana wa kakakuona, najua barua hii itakufikia, na jina lako sijalitaja wala sitalitaja. Mkono wako ni mzuri. Yale magamba, jinsi ulivyoyapanga yakipishana kutoka kichwani hadi ncha ya mkia, hayo uliyatazama kweli, nimeyaona. Rangi ya mdomoni bado haijakauka sana. Chukua kisu cha rangi, kwangua meno, funga mdomo, kisha uniite nije kuitazama upya. Nitakuja na daftari langu la tumbusi, tukae.

Mimi mzee wenu,
mchora tumbusi