Mnamwagia kunguni sumu kumbe ni silvafishi

Mhariri,

Nipe nafasi kidogo niongee na wapangaji wenzangu wa hapa Nakuru, manake mvua ikishaanza tu kila ploti inanuka dawa, mtu ameona kadudu kamoja kakikimbia nyuma ya kabati basi mbio hadi steji kununua kachupa hakana hata lebo, anamwaga kwa godoro na usiku watoto wanalala hapo hapo. Ukimuuliza anaua nini anakwambia kunguni. Wengine wanasema ni watoto wa mende. Mara nyingi ni silvafishi, na huyo haumi mtu, hanyonyi damu wala hasambazi ugonjwa.

Kumjua si ngumu jamani. Kunguni ni wa kahawia, bapa, na mwendo wake ni wa pole pole. Silvafishi ni kama sentimita moja hivi, wa kijivu cha kung'aa, mbele mpana halafu anaenda akichongoka kama omena, mkiani ana nyuzi tatu na hana mabawa hata akizeeka. Ukimponda anaacha unga unang'aa kwa vidole, hayo ni magamba. Hutoka usiku, ndio maana asubuhi unampata ndani ya sinki ama beseni, alianguka humo akashindwa kupanda kwa sababu ya utelezi.

Chakula chake ni wanga na gundi. Kitabu kilichogundishwa mgongo, picha za zamani, kalenda ya ukutani, shati limepigwa stachi, hata katoni yenyewe. Na hapo ndio shida iko, kwa sababu wengi wetu hati ya shamba na vyeti vya shule na cheti cha kuzaliwa vyote viko kwa katoni chini ya kitanda, na sakafu ni ya simiti inatoa maji msimu wa mvua. Anakwaruza karatasi juu juu mpaka inakuwa nyembamba kisha inatoboka, mashimo hayana mpango wowote, pembeni madoa ya manjano na vinyesi vidogo vyeusi. Mchwa angekuwa ameacha udongo, huyu haachi.

Sasa hiyo dawa ya steji inaua wale imewapata tu. Mayai yako ndani ya nyufa na yanaweza kukaa wiki mbili hadi miezi miwili kabla ya kuanguliwa, na mkubwa mwenyewe anaishi miaka kadhaa, anavumilia njaa miezi mingi. Kitu hawezi kuvumilia vizuri ni ukavu, anataka unyevu wa asilimia 75 kwenda juu. Kwa hivyo fungua madirisha mchana, vuta kabati litoke kwa ukuta wa bafu, ziba nyufa, tupa katoni na magazeti ya zamani (samahani Mhariri, hata yako), na karatasi za maana ziweke kwa mkebe wa plastiki wenye kifuniko kinachofunga kabisa zikiwa kavu. Ukitaka kujua kama wako wengi chukua chupa ya jemu ya glasi, izungushie maskin tepu nje ili wapate pa kushika, tia kipande cha mkate ndani uiache usiku kucha kwa kona. Wataingia, kutoka ni shida. Mwenye friza naye anaweza kufunga kitabu kwa nailoni akiache humo kama wiki moja.

Na kinachonishangaza, hapa hapa kaunti yetu, Kariandusi upande wa Gilgil, kunachimbwa dayatomaiti, ule udongo mweupe wa maganda ya mimea midogo ya ziwa la kale. Unga wake unakwaruza na kufyonza mafuta ya ngozi ya mdudu mpaka anakauka. Lakini uwe ule uliotengenezwa kwa kazi ya wadudu, si wa kuchujia vinywaji, unyunyize kidogo tu ndani ya nyufa na ufunge pua, si mzuri kwa mapafu. Ukiamua kununua dawa ya kupuliza angalia kwa lebo kama ina namba ya Pest Control Products Board, ile bodi ya serikali inayosajili dawa za wadudu. Na hiyo chaki ya mende muache kabisa, ni sumu na mtoto wa nasari ataichukua achoree ukutani.

Wenye ploti nao nawaomba kitu kimoja. Bomba likivuja ndani ya ukuta mnatuma fundi apake rangi, mwezi haujaisha rangi imebanduka na wadudu ni wale wale, halafu mpangaji anaambiwa ni mchafu. Lete fundi wa bomba kwanza, rangi ije baadaye.

Msomaji,
Free Area, Nakuru