Risala ya Washauri Rika kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Afya ya Akili Chuoni

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Mkuu wa Chuo, wahadhiri, walezi wa mabweni na wanachuo wenzetu,

Itifaki imezingatiwa.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tunakushukuru kwa kuitikia mwaliko wetu. Kazi ya mshauri rika ni ndogo kuliko jina lake: kumsikiliza mwenzake, kumpa dodoso, kisha kumfikisha kwa mtaalamu. Ni hapo kwenye kumfikisha ndipo mambo mengi hukwama.

Shirika la Afya Duniani lilitangaza UVIKO-19 kuwa janga la dunia tarehe 11 Machi 2020, na dharura yake ikaondolewa tarehe 5 Mei 2023. Kwa makadirio ya shirika hilo, katika mwaka wa kwanza peke yake sonona na wasiwasi viliongezeka duniani kwa asilimia 25, na vijana walikuwa miongoni mwa walioathirika zaidi. Waliofiwa hawakuzika kama ilivyo desturi, vibarua vya kulipia ada vilikatika, masomo ya vitendo yakageuka picha za kutazama. Hayo yanajulikana. Lililosahaulika ni usingizi.

Chumba kilipogeuka darasa, kitanda kikawa dawati. Anayesomea na kuhangaikia mitihani kitandani huuzoeza mwili kuwa macho kila anapojilaza. Akikosa mwanga wa asubuhi, saa ya mwili huchelewa, usingizi ukaja saa tisa usiku. Kahawa ya jioni nayo huchangia, kwani saa tano hivi baada ya kuinywa, karibu nusu ya kafeini bado imo mwilini. Vyuo vilipofunguliwa, mhadhara wa saa mbili asubuhi ulirudi, ila saa za miili ya wengi hazikurudi nao.

Dawa yake haihitaji fedha. Mwanachuo aamke saa ileile kila siku, Jumapili ikiwemo, na atoke nje kwenye mwanga mapema. Usingizi usipokuja kwa muda wa kama dakika 20, aondoke kitandani, akae penye mwanga hafifu bila simu, arudi akianza kusinzia. Wengi hushindwa mwisho wa wiki: wanafidia kwa kulala hadi adhuhuri, na Jumatatu wanaanza upya. Si wavivu, hakuna aliyewaeleza.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, dodoso la sonona linalotumika sana, PHQ-9, lina maswali 9 kuhusu wiki mbili zilizopita. Kila jibu lina alama 0 hadi 3, na jumla ya juu ni 27. Anayefikia 10 anapaswa kuonwa na mtaalamu, kwa sababu dodoso peke yake halitoi utambuzi. Uchovu na kukosa hamu vinaweza kuletwa hata na upungufu wa damu au tezi ya shingo isiyofanya kazi sawasawa.

Swali la 9 linahusu mawazo ya kufa au kujidhuru. Hapo jumla haiangaliwi: hata aliyejipa alama 1 azungumzwe naye siku hiyohiyo. Kumwuliza mtu waziwazi kama anafikiria kujiua hakumpandikizii wazo hilo. Akikiri, asiachwe peke yake, dawa na vitu vya hatari viwekwe mbali naye, na asindikizwe hadi kwa mtaalamu. Kumwelekeza tu mlango wa kugonga hakutoshi. Kosa baya kuliko yote ni kukusanya madodoso kwa mkupuo na kuyafungia kabatini yakisubiri kujumlishwa. Kama hakuna wa kuyasoma siku hiyo, ni heri yasigawiwe kabisa.

Wapo pia wanaoanza dawa na kuziacha. Dawa nyingi za sonona huanza kuonyesha nafuu baada ya wiki kadhaa, ilhali kichefuchefu na maumivu ya kichwa huweza kutangulia siku za mwanzo. Asiyeambiwa hivyo hudhani amepewa sumu.

Kwa hiyo tunaomba mambo matatu. Mshauri nasaha atenge walau saa moja kila siku ya kazi isiyo na miadi, kwa walio katika hali ya hatari. Ofisi yake ihamishwe mbali na ofisi ya nidhamu, maana hakuna anayetaka kuonekana kwenye ukumbi ule akasingiziwa kosa. Tatu, na hili ndilo zito: anayeahirisha muhula kwa barua ya tabibu asipoteze nafasi yake bwenini wala alama za kazi alizokwisha kuwasilisha. Hofu ya kupoteza hivyo viwili huwafanya wengi wafiche ugonjwa hadi wiki ya mitihani, na wakati huo hata mtaalamu hodari hana muda wa kutosha.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tunaomba kuwasilisha.

Washauri Rika